Tinti ya asilimia 20 ni asilimia 20 ya nini?

Mtu anayeingiza gari kwa fundi wa tinti kule Ngamiani, Tanga, na kusema "nibandikie nyeusi kabisa, joto limenishinda" ameomba vitu viwili kwa jina moja. Weusi ataupata. Ubaridi ni habari nyingine.

Tinti ni karatasi nyembamba ya plastiki inayobandikwa upande wa ndani wa kioo. Namba inayotajwa dukani, iwe 5, 20, 35, 50 au 70, ni asilimia ya mwanga unaoonekana ambao karatasi inaupitisha. Namba ikishuka, giza linaongezeka. Basi, maana yake imeishia hapo. Anayeagiza "asilimia 80 nisionekane" ameagiza karatasi inayokaribia kuwa nyeupe. Na kwa kuwa kioo chenyewe nacho kinakula mwanga, namba hizi huzidishwa: tinti ya 35 juu ya kioo kinachopitisha 75 inakuachia kama 26. Ukibandika ya 20 juu ya nyingine ya 20, unabaki na 4, pamoja na mapovu, kwa sababu gundi ya juu imeshika karatasi badala ya kioo.

Sasa joto. Nishati ya jua inatufikia kwa mafungu matatu. Karibu nusu au zaidi kidogo ni miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni lakini ngozi inaihisi. Mwanga unaoonekana ni asilimia 40 na kitu. Urujuanimno (UV) ni asilimia chache tu. Huo ndio unaopasua dashibodi na kufubaza viti, na karibu kila tinti ya maana inauzuia kwa asilimia 99, hata isiyo na weusi wowote. Namba ya kwenye roli inazungumzia fungu la katikati peke yake. Karatasi inaweza kuziba mwanga wote na bado ikaiacha infraredi ipite.

Hivyo ndivyo ilivyo tinti ya bei nafuu, ile ya rangi tupu. Inameza mwanga, kioo kinachemka, kisha sehemu ya joto hilo inarudi ndani. Gari likiwa mwendoni, upepo unakipoza kioo kwa nje na unaona nafuu. Likisimama juani, nafuu inaondoka. Baada ya muda rangi inageuka zambarau, na hapo hata ule weusi umekwisha. Tinti yenye chembe za metali inarudisha joto vizuri, ila inaweza kudhoofisha mawimbi ya redio, simu na GPS. Ya kaboni haifubai upesi. Ya seramiki ndiyo inayozuia infraredi bila kuhitaji giza wala metali, na ndiyo ghali. Si ajabu seramiki nzuri ya 50, ambayo dereva wa daladala ataiona nyeupe mno, ikalingana na ya rangi ya 5 kwa kuzuia joto, au ikaipita.

Ukitaka kulinganisha joto, uliza jumla ya nishati ya jua inayozuiwa. Kwenye karatasi za watengenezaji huandikwa TSER. Usikubali kupewa badala yake ile "inazuia infraredi asilimia 99". Mara nyingi namba hiyo imepimwa kwenye kipande chembamba cha miale, na hata ingekuwa kweli kwa infraredi yote, bado ni 99 ya karibu nusu. Anayeitafsiri kuwa "joto linapungua kwa asilimia 99" anakuuzia friji.

Taa ya joto ya dukani nayo inasaidia kwa masharti. Shika vipande viwili vya kioo vyenye tinti tofauti, taa ileile, umbali uleule, na uache dakika kadhaa kabla ya kuweka kiganja nyuma yake. Tinti ya rangi hupendeza sekunde za mwanzo. Kioo kikishashiba joto ndipo inajisema.

Halafu kuna suala la joto linaingilia wapi. Tanga na Bagamoyo jua linapita karibu juu ya utosi mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Saa sita mchana linapiga paa na kioo cha mbele, wala si milango. Ukitoka Tanga kwenda Segera alasiri, unalo usoni njia nzima. Wengi hutia giza milango minne na kukiacha kitupu kioo cha mbele, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote. Hapo inafaa seramiki ya 70, isiyoharibu kuona. Nyeusi ya 5 milango ya mbele itakufichia vioo vya pembeni usiku, barabara ikiwa haina taa. Noah na Alphard zinazokuja na vioo vyeusi vya nyuma kutoka kiwandani, weusi ule umo ndani ya kioo chenyewe: unameza joto zaidi ya kulirudisha. Seramiki nyepesi kwa ndani inasaidia.

Kubandika kwenyewe hakuna siri kubwa: chumba kilichofungwa, sakafu iliyonyunyiziwa maji ili vumbi litulie, maji ya shampuu, mpira wa kukamulia. Usishushe kioo siku tatu hadi tano, na wakati wa masika ongeza, maana unyevu wa pwani unachelewesha maji kukauka. Ukungu na vitone vya maji wiki ya kwanza ni kawaida. Chembe za mchanga hazitoki. Kioo cha nyuma chenye nyaya za kuondoa ukungu kisikwanguliwe kwa wembe tinti ya zamani inapotolewa. Sabuni ya vioo yenye amonia iache.

Kwa hiyo ukifika kwa fundi, usianze na neno nyeusi. Mwambie unataka inayopitisha mwanga wa 50 au 35, kisha umuulize TSER yake ni ngapi. Akikujibu "hii ni nyeusi zaidi, bosi", amejibu la mwanga. Mrudie taratibu lile la joto.