"Milele" ni muda gani? Wakristo na tumaini la wokovu wa watu wote

Katika matanga moja upande wa Malaba, mhubiri aliyealikwa na jamaa alishika kipaza sauti, akanyosha kidole kwenye jeneza la kijana aliyekufa kwa ajali ya bodaboda, akasema: "Huyu nafasi yake imekwisha. Wewe je?" Wachache waliitikia amina. Mama mzazi, aliyeketi mkekani na wanawake wenzake, alinyamaza. Jioni, turubai likifunguliwa na viti vikipakiwa kwenye pikapu, alinifuata. "Mwalimu, wewe unafundisha wachungaji. Mwanangu alikuwa hajaokoka. Ni kweli atachomwa milele?"

Nafundisha historia ya Kanisa, na swali hilo ni la zamani kuliko dhehebu lolote tulilo nalo Uganda. Tangu karne za mwanzo wamekuwapo Wakristo walioamini kwamba mwisho wa yote Mungu atawarejesha watu wote kwake. Wengi hapa kwetu wakisikia hivyo hudhani ni mafundisho ya wasiotaka kuacha dhambi, au njia ya kusema dini zote ni sawa. Sivyo. Waliofundisha hivyo mwanzoni waliamini hukumu, na moto pia. Walichouliza ni kazi ya ule moto: unaharibu, au unasafisha?

Origen, mwalimu wa Kanisa, Mwafrika wa Aleksandria aliyezaliwa karibu mwaka 185, alisema unasafisha. Baada yake askofu Gregori wa Nyssa aliandika mazungumzo yake na dada yake Makrina, mwaka 379, Makrina akiwa mahututi na ndugu yao Basili akiwa amefariki muda si mrefu. Humo Makrina anatoa mfano wa kamba iliyogandwa na udongo, inayovutwa kupita kwenye tundu dogo. Udongo unakwanguka, kamba inapita. Kamba inaumia kwa sababu ya udongo iliojishikiza, wala anayeivuta hana nia ya kuitesa. Ni mafundisho yaliyozaliwa penye msiba, na naona ndiyo maana yana upole ule.

Waliegemea Maandiko. Paulo anasema kama katika Adamu wote wanakufa, kadhalika katika Kristo wote watahuishwa (1 Wakorintho 15:22). Kwa Timotheo anaandika kwamba Mungu hutaka watu wote waokolewe. Pia kuna yule ambaye kazi yake itateketea, lakini mwenyewe ataokolewa kama kwa moto (1 Wakorintho 3:15).

Sasa, "adhabu ya milele" ya Mathayo 25:46? Hapa ndipo penye uzito. Neno letu milele halina mwanya, ni bila mwisho. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa hivyo, aionios, limetokana na neno lenye maana ya zama, na laweza kumaanisha cha zama zile zijazo. Hata Biblia yetu yaonyesha kwamba neno hili lina upana. Yona, akiomba ndani ya samaki, analia kwamba nchi na mapingo yake yalimfunga hata milele, naye alikaa humo siku tatu. Yuda anasema Sodoma iliadhibiwa kwa moto wa milele, na moto ule hauwaki leo.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwingine, hakukubali. Alijibu kwamba katika mstari uleule neno ni lilelile kwa adhabu na kwa uzima. Ukifupisha la kwanza, umefupisha na la pili. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo iliyoshika Kanisa la Magharibi. Mashariki, jina la Origen lilitiwa kati ya wazushi katika Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Konstantinopoli wa mwaka 553. Gregori hakuguswa. Hadi leo ni mtakatifu, Mashariki na Magharibi.

Swali lilirudi kupitia Afrika. John William Colenso, askofu wa Kianglikana wa Natal, Afrika Kusini, aliulizwa na Wazulu habari za wazee wao waliokufa bila kuhubiriwa. Mwaka 1861 alichapisha ufafanuzi wa Waraka kwa Warumi akikataa adhabu isiyo na mwisho. Mwaka 1863 alishtakiwa Cape Town na kuvuliwa uaskofu. Kwa hiyo wamisionari walipofika kwa Kabaka Muteesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877, Waafrika walikuwa wameshauliza: na jjajja zetu, mababu zetu, je?

Makanisa yetu makubwa, Katoliki, Anglikana na ya Kipentekoste, hayafundishi kwamba ni hakika wote wataokolewa. Waanglikana walikuwa na ibara 42 za imani mwaka 1553, na ya mwisho ililaani fundisho hilo. Zilipopunguzwa kuwa 39, ibara ile iliachwa. Kuachwa si kukubaliwa, lakini mlango haukupigwa komeo. Walokole, yaani waliookoka, wa uamsho wa miaka ya 1930 waliuliza "Umeokoka?" na watu wakaacha ulevi na kurudisha mali waliyoiba. Swali hilo siwezi kulidharau. Lilikuwa la walio hai, wenye kuweza kujibu.

Mimi sithubutu kufundisha kuwa ni hakika wote wataokolewa, maana maonyo ya Yesu ni makali. Kutumaini hivyo na kuombea hivyo ni jambo jingine, na nalifanya kila siku. Kumtangazia mama hukumu ya mwanawe mbele ya jeneza ni kukalia kiti cha Mungu.

Mama yule ni Mkatoliki. Nilimwomba anisomee sala wanayoisali kila baada ya fungu la rozari. Aliisali kwa haraka ya mazoea: kusamehewa dhambi, kuepushwa na moto wa jehanamu, kisha roho zote ziongozwe mbinguni. Hapo akasita. Akarudia neno moja, polepole: "Zote?"

Nikamwambia, "Ndivyo mnavyoomba, mama. Zote."

Akakaa tena mkekani, akatoa rozari kwenye fundo la leso, akaanza fungu la kwanza.