Kompositi ni nini? Nyuzi za kaboni mikononi mwa fundi wa nyumbani

Kitambaa cha kaboni, ukikishika kwa mara ya kwanza, unaweza kudhani umeuziwa kitu kingine. Kinalegea kama leso, kinakunjika, na ukikikata ovyo kinafumuka pembezoni. Hiki ndicho kinachounda mabawa ya ndege? Ndiyo, ila kitambaa ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili iko ndani ya chupa: resini ya epoksi, gundi ya majimaji inayogumuka ikichanganywa na kigumishi chake. Resini peke yake hupasuka kirahisi, na kitambaa peke yake hakisimami. Vikishikana, tunapata kompositi.

Maana yake ni hiyo: vitu viwili vyenye tabia tofauti vinafungwa pamoja, kila kimoja kikibaki jinsi kilivyo, na kila kimoja kikifanya kazi ambayo mwenzake haiwezi. Nyumba ya fito na udongo ni kompositi. Mti nao ni kompositi, nyuzi za selulosi zilizoshikwa na lignini, gundi ya mti wenyewe. Kwa hiyo hapa Goma, mashariki mwa Kongo, chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinazoshuka na magunia ya viazi na makala (makaa) zilikuwa zinatufundisha somo hili kabla hatujasikia habari za kaboni. Mzee mmoja anayechonga chukudu aliniambia, akipitisha kidole juu ya ubao: "Kijana wangu, mti una njia yake. Mzigo ukipita njia ya mti, utabeba. Ukiikata njia, utavunjika mteremkoni."

Kaboni ni hivyo hivyo. Uzi mmoja una upana wa mikroni 5 hadi 7, mikroni moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Inabidi uzipange kama kumi ubavu kwa ubavu kufikia upana wa unywele mmoja. Katika kitambaa cha kawaida kila fungu linalofumwa lina nyuzi 3,000. Nyuzi nyingi za kaboni hutengenezwa kwa nyuzi za plastiki iitwayo poliakrilonitrili, zinazopashwa moto zaidi ya digrii 1,000 pasipo oksijeni. Wachoma makala wanaielewa kanuni hii vizuri: wanafunika tanuri kwa udongo ili hewa isiingie, la sivyo unabaki na majivu.

Uzi huo una nguvu ajabu ukivutwa kwa urefu wake. Ukisukumwa kutoka ubavuni, hauna msaada mkubwa. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi ni mzigo utapita wapi. Kipande kitakachopindwa kama ubao wa daraja kinataka nyuzi ziende kwa urefu. Bomba litakalosokotwa linataka nyuzi zikate kwa digrii 45 kila upande. Kama mzigo unatoka pande nyingi, tabaka hupishanishwa. Watu wengi wanaoanza hutandika tabaka zote upande mmoja kwa sababu zinapendeza macho, kisha kipande kinapasuka kufuata mstari kama kuni iliyopigwa shoka.

Jambo la pili, na hapa ndipo ningependa ukae zaidi, ni kiasi cha resini. Kazi ya resini ni kuzishika nyuzi zisikimbie na kupitisha mzigo kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Ikizidi, inaongeza uzito bila nguvu. Kipande changu cha kwanza, kifuniko kidogo cha pikipiki, kilianza na gramu 60 za kitambaa kikaishia gramu 170. Kiling'aa kama kioo, lakini nilipokibana kwa mikono miwili pembe ikapasuka. Cha baadaye, kitambaa kile kile, kilitoka na gramu 105. Nunua mizani kabla ya kununua brashi ya pili.

Tofauti ilitokana na mfuko wa plastiki. Unatandika tabaka zilizolowa juu ya kalibu, au mule kama tunavyosema hapa, iliyopakwa nta mara tano au sita. Juu yake unaweka kitambaa cha nailoni kitakachobanduliwa baadaye, halafu kitu cha kunyonya resini iliyozidi. Unafunika yote kwa plastiki, unaziba kingo kabisa, unanyonya hewa. Kompresa nzima iliyotolewa kwenye frigo iliyokufa inatosha kwa vipande vidogo. Kinachokandamiza kazi yako ni hewa ya nje: usawa wa bahari ina uzito wa kama tani 10 kwa kila mita ya mraba, hapa kwetu, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, ni kama tani 8 na nusu. Kwa kipande cha sentimita 30 kwa 30 hiyo bado ni zaidi ya kilo 750, zimetandazwa sawasawa pasipo jiwe hata moja.

Kigumishi pimeni kwa mizani, kwa uwiano ulioandikwa kwenye chupa. Kuongeza kigumishi hakuharakishi kazi, kwa sababu kila sehemu ya resini inatafuta mwenzi wake. Kinachozidi kinabaki bila kuungana na kipande kinakuwa laini. Usiache mchanganyiko mwingi kwenye kopo refu, maana joto lake lenyewe linaweza kuufanya ufuke moshi. Na usiku wa Goma ukiwa baridi, subira iwe ndefu zaidi: kazi ya jioni mara nyingi asubuhi bado inanata.

Vaa glavu tangu tone la kwanza. Epoksi inaweza kuujengea mwili mzio, na mzio huo ukishakuja mara nyingi hauondoki. Vumbi la kusaga kaboni linawasha ngozi na mapafu, basi saga kwa maji, ukiwa na barakoa. Vumbi hilo linapitisha umeme pia. Liweke mbali na chaja na redio.

Anza na vifuniko, trei, mikono ya droni. Uma wa pikipiki uache. Chuma hujipinda kwanza kikakuonya; kaboni hukatika ghafla, na barabara zetu za mawe ya volkano zinapiga bila huruma.

Kipande kikitoka kwenye mule, chukua sarafu ukigonge taratibu sehemu kwa sehemu. Mahali palipo pazima panalia "ti", mlio mkavu na mwembamba. Ukisikia "tu", mlio mzito uliozibwa, zungushia kalamu hapo: chini yake tabaka hazikushikana.