Onyo la umbizo katika C lisinyamazishwe

Tangu tuanze kurudisha programu za C zenye maonyo ya umbizo (kompaila inapoonya kwamba alama kama %ld ndani ya printf, fanksheni ya kuchapa, hailingani na aina ya thamani uliyoipa), malalamiko yameongezeka. Linalojirudia ni hili: "Programu inafanya kazi, onyo ni la nini?" Inafanya kazi kwenye mashine yako. Aina ya long ina baiti 8 kwenye Linux ya biti 64, lakini baiti 4 kwenye Windows ya biti 64. Aliyechapa int64_t (namba kamili ya biti 64) kwa %ld, alama ya long, huenda asione kasoro upande mmoja, kisha upande wa pili namba ikatoka imekatwa.

Printf haijui umeipa nini. Inaamini alama ulizoandika. Kompaila ndiyo inayolinganisha alama na thamani, nayo huweza kufanya hivyo pale tu inapoyaona maandishi ya umbizo. Kwa hiyo soma onyo lote, maana hutaja mstari, alama na aina iliyotarajiwa. Kwa size_t (aina ya kuhifadhi ukubwa wa vitu) andika %zu. Kwa int64_t tumia PRId64 kutoka inttypes.h. Tafadhali msibandike (int) mbele ya thamani, yaani kuigeuza kwa nguvu iwe int, ili onyo lipotee! Hilo tumelieleza mara nyingi: namba kubwa itaharibika kimyakimya, na safari hii hakuna atakayekuonya.

Hatari kubwa zaidi ni printf(ujumbe), ikiwa ujumbe umetoka kwa mtumiaji. Akiweka %x, anaweza kusoma yaliyomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Akiweka %n, anaweza kuandika humo. Mwaka 2000 seva za wu-ftpd (programu ya kuhamisha mafaili kwa FTP) zilivamiwa kwa kasoro ya aina hii. Andika printf("%s", ujumbe), au tumia fputs.

Kuhusu utaratibu: kabla ya kuwasilisha, kompaili kwa -Wall -Wformat=2 -Werror, kwa GCC au Clang. Programu itakayotoa onyo hata moja la umbizo hurudishwa bila kukaguliwa zaidi, na iliyozima onyo kwa pragma (agizo kwa kompaila lililoandikwa ndani ya msimbo) hurudishwa vilevile. Kama umetunga fanksheni yako ya kuandika kumbukumbu za matukio, iongezee __attribute__((format(printf, 1, 2))), ukibadili namba kulingana na nafasi ya umbizo na ya thamani ya kwanza. Bila hiyo kompaila haitazikagua thamani unazoipa. Ukisharekebisha, wasilisha upya. Barua ya rufaa haihitajiki.