Filamu za karibuni za India: zitazame kwa sauti zake za asili

Wengi wanaoniuliza watazame filamu ipi ya India nyumbani wamezoea zile za Mumbai zenye nyimbo na mapigano, ambazo Afrika Mashariki imezipenda tangu enzi za majumba ya sinema. Hizo nazipenda pia. Hata hivyo, katika kazi yangu ya uchambuzi nimeona kwamba baadhi ya filamu bora za miaka ya karibuni zimetengenezwa kwa Kimalayalam, lugha ya jimbo la Kerala, au kwa Kitamil, na kwamba utamu wake umo katika namna watu wanavyosemezana. Kwa hiyo, kabla ya kutaja filamu yoyote, naomba jambo moja: fungua sehemu ya sauti, chagua lugha ya asili, kisha washa manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha. RRR ya mwaka 2022 ilitengenezwa kwa Kitelugu, lakini ilipoingia Netflix ilikuwa na sauti ya Kihindi, na watazamaji wengi wa nje hawakuwahi kuzisikia sauti za awali.

Hasara ya kubadilisha sauti inaonekana waziwazi katika All We Imagine as Light ya Payal Kapadia, iliyotunukiwa Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa, katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2024, baada ya miaka 30 bila filamu ya India katika shindano kuu la tamasha hilo. Inahusu wauguzi wawili kutoka Kerala wanaoishi chumba kimoja mjini Mumbai. Wao kwa wao husema Kimalayalam, hospitalini husikika Kihindi na Kimarathi, na daktari mgeni anayemtamani mmoja wao anateseka kwa sababu Kihindi hakimwingii. Ukisikiliza lugha moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, upweke wake hutauelewa. Prabha, muuguzi mkubwa, ana mume aliyehamia Ujerumani na kunyamaza kimya. Siku moja linaletwa jiko jipya la umeme la kupikia wali, halina hata barua. Usiku anachuchumaa sakafuni na kulikumbatia. Kani Kusruti anaigiza tukio hilo bila kutamka neno, na kwa maoni yangu ndilo tukio bora zaidi la uigizaji nililoliona katika filamu za India za kipindi hiki.

Manjummel Boys ya Chidambaram, nayo ya 2024, imetokana na kisa cha kweli cha mwaka 2006, pale kijana mmoja kutoka Kerala alipotumbukia katika shimo refu la mapango ya Guna, huko Kodaikanal katika jimbo la Tamil Nadu. Marafiki zake wanaomba msaada kwa polisi na wenyeji wanaosema Kitamil, huku wakishukiwa kuwa wao ndio waliomdhuru, na kila sentensi inayopotea kati ya pande hizo mbili inamchelewesha aliye shimoni. Itazame usiku, sauti ikiwa juu, kwa kuwa mvua na mwangwi wa pangoni vina kazi kubwa.

Maharaja, ya Kitamil, ambamo Vijay Sethupathi ni kinyozi anayekwenda polisi kuripoti pipa la taka lililoibwa, imepangwa kwa ustadi mkubwa na haifuati mfululizo wa wakati, hivyo usiitazame huku umeshika simu. Ina ukatili wa kingono dhidi ya mtoto. Tafadhali usiiwashe watoto wakiwa sebuleni.

Pamoja na familia, chagua Laapataa Ladies ya Kiran Rao. Ni mwaka 2001, bibi harusi wawili waliofunikwa uso kwa mitandio inayofanana wamo katika behewa moja la treni, na bwana harusi mmoja anashuka gizani na asiye wake. Akienda polisi, picha pekee aliyo nayo inamwonyesha mkewe akiwa amefunikwa uso. Chhaya Kadam, anayeigiza mpishi wa hospitali katika filamu ya Kapadia, humu ni muuza chai wa stesheni, mwanamke mkali mwenye huruma, na inafaa kuzitazama filamu hizo mbili kwa kufuatana ili kuona upana wa kipaji chake. Mazungumzo ya Laapataa Ladies ni ya Kihindi na hayana haraka, kwa hiyo kama nyumbani kwako kuna asiyependa kusoma manukuu, mwanzishie hii, kisha umpeleke Kodaikanal.