"Najisi" maana yake nini? Na siye Bakristo ba leo tukule nini, tuache nini?

Kwetu Bukavu tulikuwa na sikukuu ya ubatizo ya mutoto, batu bengi, masufuria kubwa-kubwa inje, na mu sufuria moja kulikuwa kambale, ile ya moshi, mama aliipika na mawese mingi. Bibi ya mudogo yangu, tunamuitaka Mama Furaha, ni Muadventisti, na bo habakulake samaki yenye haina magamba. Alikuja na sahani yake akauliza polepole, "hii samaki iko na magamba?" Mutu moja wa familia akamujibu, "we kula tu, samaki ni samaki." Akakula. Kisha njo akaona kichwa ya kambale mu sahani ya mwenzake, na zile ndevu zake, akasimama, akaenda nyuma ya nyumba. Bengine bakacheka. Miye sikucheka lakini sikusema kitu pia, na ile inaniuma mupaka leo.

Tangu ile siku nilianza kusoma hii neno "najisi" kwa makini, juu niliona kama siye bote tunaisema na hatujue inasema nini.

Batu bengi banafikiri najisi ni uchafu, kitu yenye mavi, yenye vidudu. Ama banafikiri ni zambi. Haina hivyo. Mu Biblia kuko maneno mbili ya Kiebrania, tahor na tame, safi na najisi, na ile najisi ni hali yenye mutu ama kitu inaweza kuwa nayo, inamuzuia kukaribia mahali patakatifu. Angalia: ukigusa maiti unakuwa najisi siku saba, iko mu Hesabu 19. Sasa mutu anazika baba yake, ni zambi? Mama akizaa anakuwa najisi, Walawi 12, na kuzaa ni baraka, Mungu mwenyewe alisema muzae muongezeke. Kwa hiyo najisi haina kosa. Ni mupaka. Ni kusema "hii iko huku, ile iko kule, musichanganye."

Ukishika ile, sheria ya chakula ya Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14 inaanza kufunguka. Nyama ya inchi kavu inaombwa vitu mbili pamoja, kwato yenye kupasuka na kucheua. Ngombe, mbuzi, kondoo, iko sawa. Nguruwe iko na kwato ya kupasuka lakini haicheue, inakosa moja. Ngamia inacheua, kwato hapana. Na samaki inaombwa mapezi na magamba, njo kambale inaanguka hapo, juu ngozi yake ni ya kuteleza tu. Panzi na nzige zinaruhusiwa, batu bengi habajue ile.

Kobaye je, ile nyama kadogo ya kufuga ya kufanana na panya? Huku Sud-Kivu, Kabare, Walungu, nyumba mingi ziko na kobaye chini ya meza ama mu jikoni, njo nyama ya mutu asiye na franga ya kununua mbuzi, batoto banaichunga, ikizaa banauza, banalipa kalamu na kayee. Biblia haiitaje, Bayuda ba ile wakati habakuijua, inatoka Amerika ya Kusini. Lakini ukiipima na ile kipimo, haina kwato, iko na vidole. Kwa Muadventisti wa Walungu ile sheria haiko maneno ya kanisani tu, inagusa sahani ya batoto bake, na anaacha. Miye naheshimu mutu mwenye anaacha nyama na nyama yenyewe ni kidogo.

Na sambaza? Hii swali inarudiaka kila mara. Sambaza haikuwa samaki ya Kivu, ilitoka Tanganyika, ba Belji njo baliitia humu mu ziwa mwisho wa miaka ya 1950. Iko ndogo mupaka batu banasema haina magamba. Enda ku soko ya Kadutu asubuhi, kamata sambaza mubichi, ipitishe kati ya vidole polepole, utaona vidole inabakia na kitu ya kungaa sawa unga ya feza. Ile njo magamba. Inatoka upesi tu.

Sasa kwa nini Mungu alitoa ile mipaka? Bengi banakimbilia afia: nguruwe iko na minyoo, kwa hiyo Mungu alikuwa daktari. Minyoo ni kweli, tegu iko, pika nguruwe yako iive vizuri. Lakini soma mwisho wa Walawi 11, mustari 44 na 45, haisemi "musigonjwe", inasema mukuwe batakatifu juu mimi ni mutakatifu. Kutengwa. Muyuda alijikumbusha kila siku mu jikoni yake kama yeye ni wa nani, na mupaka leo bengine habachanganye nyama na maziwa, juu Torati inakataza kutokosa mwana-mbuzi mu maziwa ya mama yake. Baisilamu pia bako na ya kwao, halali na haramu: nyamafu, damu, nguruwe, na chenye kilichinjwa kwa jina ya mwingine asiye Mungu. Na ile aya yenyewe ya Korani, Sura ya 2 aya ya 173, inasema mutu mwenye amelazimishwa na shida, bila kupenda, hana zambi. Kimbanguisti nao, kanisa ya Simon Kimbangu huku Congo, habakulake nguruwe wala nyani.

Siye Bakatoliki tunaachaka nyama Ijumaa ya Kwaresima lakini ile ni kitu ingine kabisa. Hatuache juu nyama ni najisi. Tunaacha juu ni nzuri, ukiacha kitu mubaya umetoa nini?

Swali kubwa basi: Mukristo wa leo afuate Walawi 11? Miye najibu hapana, na nasema kwa nini. Marko 7, Yesu anasema chenye kinaingia mu kinywa hakimutie mutu unajisi, chenye kinatoka mu roho njo kinamutia, na Marko anaongeza kama hivyo alitakasa vyakula vyote. Paulo anaambia Bakorinto bakule chenye kinauzwa sokoni bila kuulizauliza. Na mitume bakiwa Yerusalemu, Matendo 15, habakubebesha ba mataifa Walawi 11, balibaomba vitu ine tu: sadaka ya sanamu, damu, chenye kimenyongwa, na uasherati. Ile ya damu njo Bashahidi ba Yehova banaishikia nguvu mupaka habakubali kutiwa damu ku hospitali.

Lakini nisikie Muadventisti pia, juu yeye haina mujinga. Anasema ile maono ya Petro kule Yafa, ile shuka yenye ilishuka na nyama za kila aina, Petro mwenyewe alieleza maana yake mu Matendo 10:28, na alisema juu ya batu, haikuwa juu ya nguruwe: asimuite mutu yeyote najisi. Na ni kweli, iko imeandikwa hivyo. Anaongeza pia kama nyama safi na najisi ziko tayari kwa Noa, mbele ya Musa, mbele ya Bayuda. Ile nayo ni kweli, Mwanzo 7. Sikubaliane naye ku mwisho, lakini hajatoa ile imani mu kichwa yake.

Na Petro huyu huyu njo ananirudisha ku ile sikukuu yetu. Kama Mungu alimukataza kuita mutu najisi, basi siye tulifanya nini siku ile? Mama Furaha hakutuita najisi, alikuja kuketi na siye, aliuliza kitu moja tu. Paulo mu Waroma 14 anasema mwenye anakula asimuzarau mwenye hakule, na kama ndugu yako anaumia juu ya chakula yako, hautembee tena mu upendo. Kumudanganya mutu mu sahani yake ni mubaya kuliko kambale yote ya Ziwa Edouard. Uhuru yangu ya kula haina ruhusa ya kumulisha mwingine kwa uongo.

Kwa hiyo ukialika batu, uliza mbele. Batu bengine huku, sikukuu ikiwa kubwa, banaitaka Muisilamu njo achinje ngombe, basi bote banakula sufuria moja, na haijaharibu imani ya mutu. Kama kuko nguruwe sema ni nguruwe, na usitumie ile mafuta kwa viazi ya bote.

Mwaka jana Mama Furaha alirudi kwetu kwa Noeli. Mama alinunua sambaza mubichi yeye mwenyewe, akamuita mu jikoni mbele ya kukaanga, akamupatia moja mu mukono. Akaipitisha kati ya vidole, akaonyesha mutoto yake Furaha: "angalia, inangaa." Kisha akatafuta kisu, akaanza kumusaidia mama kukata vitunguu.