Kinu cha Saa Nane Usiku: Kuhariri Trela ya Kutisha Mkiwa Watano

Trela, yaani kipande kifupi cha kutangaza filamu, waliyoniletea wanafunzi watano ilikuwa na dakika 4 na sekunde 10, na kufikia sekunde ya 9 mzimu ulikuwa umeshaonekana, uso mzima, na majivu yake. Nikawauliza: sasa hizo dakika nne zilizobaki mtazamaji anaogopa nini? Wakaangaliana. Mmoja akasema, "Kaka, si kuna muziki?" Muziki ulikuwepo kweli. Spika zangu zilikuwa zinaomba msamaha.

Mimi riziki yangu ni harusi na sendofu. Nina chumba cha kazi hapa Makole, kompyuta mbili, na feni inayopiga kelele kuzishinda zote mbili. Kabla ya harusi nilihariri filamu za Bongo kwa miaka kadhaa, ndiyo maana wanafunzi wa vyuo vya hapa Dodoma wakikwama hunitafuta. Hawa walikuwa watano, wamepiga filamu fupi ya dakika 22, na walitaka kitu cha kuvutia watu kwenye onyesho lao la mwisho wa muhula. Trela nyingi za sinema kubwa hazizidi dakika 2 na nusu. Yao ilikuwa inakaribia sehemu ya tano ya filamu yenyewe.

Neno lenyewe huwa linanichekesha. Kwa Kiswahili cha barabarani trela ni lile linaloburutwa na lori, na hata kwenye sinema maana ilianzia hukohuko nyuma: miaka ya 1910 kule Marekani vipande hivi vilionyeshwa filamu ikiisha. Watu wakawa wanajiondokea, vikahamishiwa mbele, jina likabaki nyuma.

Hadithi yao ni nzuri, na nasema hivi bila kuwapaka mafuta. Msichana wa chuo anapanga chumba kwenye nyumba ya upweke njia ya Hombolo. Kila usiku saa nane anasikia mtu anatwanga uani. Akitoka, hakuna mtu na hakuna kinu. Aliyekulia huku kwetu anajua mlio ule. Jioni ni mlio wa chakula, uwele au mtama unaandaliwa, na ukiusikia tumbo linafurahi. Saa nane usiku mlio uleule unakutoa jasho. Hawakuhitaji kitu kingine. Lakini kwenye trela yao kinu kilisikika mara moja tu, tena chini ya muziki.

Kilichowaponza ni kwamba walihariri kwa kugawana. Aliyeshika kamera alikuwa na shoti yake ya machweo juu ya majabali, sekunde 11, haiguswi. Aliyeigiza alitaka ile anayolia. Aliyeombea ruhusa ya nyumba alitaka nyumba ionekane, maana alihangaika kuipata. Trela ikawa kama risala ya harusi: kila aliyechanga lazima atajwe.

Nikazima skrini.

Nikawaambia leo hatuangalii picha hata moja, tunahariri sauti peke yake, sekunde 90 za giza. Sababu yangu ni ya kienyeji kabisa: picha zina wenyewe, sauti haina mwenyewe. Hakuna atakayenuna ukifuta upepo. Na kwenye filamu ya kutisha sikio huwa linatangulia kuogopa, kwa kuwa jicho unaweza kulifumba.

Tulianza na kinu. Walikuwa na pigo moja zuri walilolirekodi, wakalinakili kila baada ya fremu 50, yaani sekunde 2 kwa mwendo wa fremu 25 (picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde. Tukasikiliza. Ilikuwa pampu ya maji. Binadamu hatwangi hivyo. Anachoka, anasogeza nafaka, anavuta pumzi, pigo moja linaangukia ukingoni. Halafu kinu chao kilikuwa kitupu, na kinu kitupu hulia mti kwa mti, mlio mkavu. Chenye nafaka hulia kwa ndani, kama mtu anayepigwa mgongoni.

Basi tukaenda kwa mama jirani. "Shikamoo mama, tunaomba kinu kwa ajili ya filamu." Akaitikia marahaba, akatuangalia watu sita na kinasa sauti kimoja, akasema kama ni hivyo tumtwangie na uwele wake kabisa. Kijana mmoja akaanza. Alitwanga vibaya kiasi kwamba mama hakuvumilia: baada ya dakika moja alichukua mchi wa pili akaingia, pigo lake likijaza nafasi kati ya mapigo ya kijana, kama wanavyotwanga wawili siku zote. Mwenye hedifoni alikuwa amefumba macho. Akavua hedifoni taratibu, akasema, "Jamani. Wako wawili."

Trela ikapatikana pale. Sekunde 50 za mwanzo anatwanga mmoja. Unazoea, unaanza hata kuhesabu. Kisha, bila muziki na bila kelele, mchi wa pili unaingia katikati ya mapigo. Hujaambiwa lolote, lakini mwili umeshajua kwamba uani wameongezeka. Hakuna aliyekuwa na shoti ya kitu hicho, kwa hiyo hakuna aliyekigombania.

Baada ya hapo michi yote miwili inanyamaza, na ukimya huu ulikula muda wetu kuliko kitu kingine chochote. Anayeanza kuhariri hufuta sauti yote akidhani ametengeneza ukimya. Matokeo yake mtazamaji anadhani simu imekata sauti, anaongeza volyumu, hofu imeisha. Ukimya unarekodiwa. Ukimaliza kupiga picha mahali, wote mnakaa bila kupumua kwa nguvu na kinasa kinaendelea dakika nzima: ndio ukimya wa chumba kile, na kila chumba kina wake. Wao hawakufanya hivyo, tukaokoteza vipande kutoka katikati ya maneno ya waigizaji, vikatosha kwa sekunde 3. Upepo nao ulikuwa shida. Walipiga mwezi wa nane, na Dodoma ya mwezi wa nane mnaijua. Maiki haikuvishwa kitu, upepo wote ukarekodiwa kama mtu anapasua turubai. Tuliutupa, tukarekodi mwingine ndani ya chumba changu, dirisha limeachwa wazi kidole kimoja. Ukafanya ninavyotaka: unapiga mluzi chini chini tangu mwanzo bila kuonekana una kazi, halafu unakatika pamoja na michi.

Kesho yake ndipo tulipowasha skrini, na swali likawa moja kwa kila shoti: inasaidia mlio gani? Kipanya kilishikwa na mmoja, wakapokezana kila dakika 20, na ambaye shoti yake inajadiliwa haruhusiwi kukishika. Machweo ya sekunde 11 yakabaki sekunde 2. Nyumba ilipona kwa sababu ilikuwa na ukuta mweupe uliokaa vizuri na pigo la kwanza. Ile ya kulia tuliitoa bila ubishi mkubwa. Anayelia anamfanyia mtazamaji kazi ambayo angepaswa kuifanya mwenyewe.

Tulihitaji uso wa msichana pale mchi wa pili unapoingia, na kila shoti ya hofu waliyopiga ilikuwa na macho yaliyotumbuliwa. Nikapekua mabaki. Kulikuwa na sekunde 4 ambapo msichana amekaa kitandani anasubiri aambiwe aanze, amechoka, anaangalia mlangoni labda akiwaza chakula. Nikaziweka. Yule dada mwenyewe akasema, "Sasa hapo mbona naogopa sana?" Mwongozaji filamu Mrusi, Lev Kuleshov, alilieleza jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita: uso uleule uliotulia, ukiuweka karibu na bakuli la supu watu wanaona njaa, ukiuweka karibu na jeneza wanaona huzuni. Kumbe hata karibu na mchi.

Mambo mawili ya kiufundi, maana najua mtaniuliza. Sehemu ya filamu ilipigwa kwa simu, na simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu. Giza likiingia zinapunguza zenyewe kimyakimya. Ukiingiza klipu hizo kwenye programu ya kuhariri, mdomo na sauti vinaachana kidogo kidogo, na ukirekebisha mwanzo mwisho unaharibika. Zipitishe kwanza HandBrake, programu ya kubadili muundo wa video, uzilazimishe fremu 25 zisizobadilika, ndipo ukate. Pili, ukuta wa korido ulikuwa unapandwa na mistari ya kivuli. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na wao waliweka shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) 1/60 ya sekunde, na 100 haigawanyiki kwa 60 bila baki. 1/50 ingewaokoa. Wakaniambia tuiache, inafanana na mzimu. Nikacheka, nikawaachia shoti moja.

Kuhusu mshtuko wa mwisho, mlango unaojibamiza, tuliuchelewesha mlio fremu 2 baada ya picha, kama milisekunde 80. Sikio letu limezoea radi: mwanga kwanza, ngurumo baadaye. Kwa vipimo vya utangazaji, sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi watu wanaanza kugundua, lakini ikichelewa hawagundui mpaka karibu 125. Ndani ya nafasi hiyo ndogo mtu anaona mlango umefunga, akili inataka kusema "ni mlango tu", na kabla haijasema mlio unafika.

Ikabaki hoja ya uso wa mzimu. Mpiga picha aliutetea saa nzima, na kwa haki: alisubiri mwanga wa machweo siku tatu, na kwetu jua likishazama una dakika kama 20 tu kabla giza halijafunga. Ni shoti bora kuliko zote kwenye filamu. Nikamwambia ndiyo sababu ikae kwenye filamu. Wakapiga kura, nne kwa moja. Trela ikafungwa ikiwa na dakika 1 na sekunde 28, mzimu haumo, kuna mikono ya kikongwe tu inayopepeta kitu gizani.

Usiku uleule mpiga picha akaiweka ile shoti ya uso kwenye status yake ya WhatsApp, yote, mpaka pale bibi aliyeigiza mzimu anaposahau kamera inaendelea na kuuliza kama wameshamaliza.