Asili ya "bedizen": kutoka fimbo ya kitani hadi mavazi ya mbwembwe

Msomaji wa vitabu vya Kiingereza vya zamani hukutana na kitenzi "bedizen", na akitafuta msaada katika kamusi ndogo huambiwa kwamba maana yake ni kupamba. Jibu hilo ni pungufu. Neno hili halimsifu aliyepambwa, bali linamsema kwamba amejitwika mapambo kuliko yanavyomfaa, lesi juu ya hariri na dhahabu juu ya lesi, hadi watu wanaona nguo na kumkosa mvaaji.

Chimbuko lake, hata hivyo, ni kazi ya mikono. Ndani yake mna kitenzi kifupi zaidi, "dizen", ambacho John Palsgrave alikiandika mwaka 1530 katika kitabu chake cha kuwafundisha Waingereza Kifaransa, kikiwa na maana ya kuvika kitani kwenye fimbo ya kusokotea. Fimbo hiyo huitwa "distaff", na silabi yake ya kwanza ni ndugu wa neno la Kijerumani cha nyanda za chini linalotaja fungu la kitani. Msokotaji aliibana fimbo kwapani au kuichomeka kwenye mshipi, akavuta nyuzi chache chache kutoka lile fungu lililozungushwa kwenye kichwa cha fimbo, huku mkono wa pili ukisokota uzi. Fimbo iliyokwisha kuvikwa hubeba kichwa kinene kilichofura juu ya kijiti chembamba, nami naona kwamba picha hiyo ndiyo iliyowafanya watu wamtazame mtu aliyevalishwa kupita kiasi na kukumbuka fimbo ya kitani.

Maana hiyo ya mavazi ilishika katika karne ya 17. Wakati huohuo kikaongezwa kiambishi "be-", ambacho katika Kiingereza hueneza jambo kila upande, kama katika "bespatter", yaani kumrushia mtu matope mwili mzima. Inafaa kukumbuka kwamba Uingereza ilikuwa na sheria zilizopanga nani avae nini. Tangazo la Malkia Elizabeth I la mwaka 1574, kwa mfano, liliwawekea mipaka ya hariri na mahameli watu kulingana na vyeo vyao, na sheria hizo zikafutwa mwaka 1604. Baada ya hapo aliyejivika kuliko hadhi yake hakuogopa tena faini, lakini ulimi wa jirani ulibaki.

Kiswahili nacho kimepita njia inayofanana. Kukwatua ni kusafisha na kusugua kitu hadi king'ae, na mtu anayejipamba husemwa kwamba amejikwatua. Tofauti ni kwamba kwetu kujikwatua kunaweza kuwa sifa kamili, hasa siku ya harusi, ilhali "bedizen" haina siku ya sifa. Kwa hiyo mfasiri asiliache neno letu peke yake. Aliongezee "kupita kiasi". Tena Waingereza hulitumia pia kwa vitu, kama vile chumba au hata insha iliyosheheni maneno ya kujionyesha, na hapo inabidi kutafuta neno jingine, kwa sababu insha haijikwatui. Mimi ningeandika kwamba imerembwa mno.